Kikaango cha Marehemu

Jumanne, 3 Septemba

Leo nimetenda jambo jema. Ndivyo nilivyodhani mpaka alasiri.

Mkanda wa cherehani umekatika asubuhi, fundi wake kasema kesho. Mke wangu yuko zamu kule anakofua mashuka ya hospitali, Binti yuko kwenye duka la miwani anakouza. Nyumba kimya. Na mikono yangu haijui kukaa bure, Mungu ndivyo alivyoiumba. Nikasema ngoja nisafishe jiko, nimpunguzie mama wa nyumba kazi.

Chini ya sinki, nyuma ya ndoo, nikakuta kikaango kimeviringishwa kwenye kitambaa. Uzito wake! Nilidhani nimeshika jiwe. Chuma kitupu cha kusubu, mwili na mkono kitu kimoja, hakuna msumari wala mbao. Na cheusi! Ndani na nje, kinang'aa kama mgongo wa mende. Nikakinusa — mafuta. Maskini, nikajisemea, chombo kizuri hivi kimeachwa kishikwe na masizi.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema aibu ya nyumba hukaa kwenye kitako cha sufuria. Watoto wake wote, wa kike kwa wa kiume, tumelelewa kwa mchanga na majivu. Sufuria ilikuwa haijatakata mpaka ujione meno.

Basi nikakifanyia kazi. Mchanga, majivu, sabuni ya unga, waya wa kusugulia. Nikivunja waya mmoja nachukua mwingine. Ule weusi ulikuwa mbishi, unatoka kidogo kidogo kama rangi ya mlango wa zamani. Chini yake chuma cha kijivu, kama tumbo la samaki. Nilifurahi jamani! Nikakijaza maji ili weusi wa pembeni ulainike, nikaenda kuswali.

Binti ni mtoto wa mke wangu na marehemu mume wake wa kwanza. Mimi na mama yake tumeoana mwaka haujatimia. Ananiita Fundi. Ana adabu, sina la kulalamika. Adabu ya mteja.

Aliporudi akaingia jikoni kunywa maji. Nilikuwa mlangoni nasubiri kusifiwa, Mungu anisamehe. Akakiona. Hakupiga kelele. Akamwaga maji, akapitisha kidole gumba ndani, kidole kikatoka na rangi ya kahawia. Kutu! Kwa muda ule mdogo tu!

Akauliza nani kakiosha. Nikasema mimi, mama, nilitaka kukufurahisha.

"Si neno, Fundi."

Akaingia chumbani kwake. Heri angenitukana.

Jioni mke wangu akanieleza. Kikaango ni cha marehemu. Alikuwa mpishi kwenye mgahawa wa stesheni ya treni, akiwakaangia abiria steki, na siku yake ya mapumziko akimkaangia Binti nyumbani. Ule weusi si masizi. Ni mafuta ya miaka na miaka, alikuwa akiujenga tangu Binti hajazaliwa, na sabuni haikukigusa hata siku moja.

Akaniangalia. "Mume wangu, umemwosha marehemu mara ya pili."

Akacheka. Kisha akalia. Sikujua nishike lipi.

Jumatano, 4 Septemba

Chai ya asubuhi. Binti kasema atahamia kwa shangazi yake, dada wa marehemu. Jumamosi ya wiki ijayo shangazi anakuja na pikapu kuchukua mizigo.

Mama yake alikuwa anakoroga chai. Haikuwa na sukari.

"Si kwa sababu ya kikaango," Binti akasema.

Wala hakuna aliyekitaja.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimemwomba Mungu anionyeshe la kufanya. Asubuhi nikaamka na swali badala ya jibu. Kama ule weusi haukuwa masizi, ulikuwa kitu gani hasa? Mafuta nayajua. Mafuta ukiyaacha yanachacha, yananuka, yanavuta vumbi. Mbona yale yalikuwa makavu na laini kama kioo? Swali limenikaa kama mbegu ya pera kwenye jino.

Nikakifunga kikaango kwenye kitambaa chake, nikavuka barabara mpaka kwa mwoka mikate. Yeye moto ni ndugu yake.

"Fundi! Umekuja kununua mkate au kuuza chuma chakavu?"

Nikamweleza. Nilidhani atanihurumia. Alicheka mpaka akajishikilia kwenye gunia la unga. Halafu akanivuta nyuma, akanionyesha makopo yake ya mikate. Meusi ti! Akasema kayarithi kwa baba mkwe wake, na siku aliyokabidhiwa aliapishwa: maji yasiyaguse. "Mke nilipewa bila kiapo," akasema, "makopo ndiyo niliapishwa."

Kisha akanieleza, na hapa ndipo niliposahau aibu yangu nikabaki kumsikiliza kama mtoto wa darasa la kwanza. Mafuta yakipakwa membamba sana juu ya chuma, chuma kikapata moto mkali, yale mafuta hayabaki kuwa mafuta. Yanageuka. Yanakuwa ngozi. Ukipika tena, ngozi juu ya ngozi. Ndiyo maana mkate haushiki, wala kutu haipati pa kuingilia. "Wewe ulichokifanya," akasema, "ni kumchuna mtu."

Subhanallah. Mimi nimeshika pasi ya makaa tangu kijana, chuma hicho hicho, na sikuwahi kujiuliza kwa nini kitako chake kikizeeka kinateleza vizuri kuliko kikiwa kipya.

Amekubali nikiweke kwenye oveni yake mikate ikishatoka. Nimetoa kutu kwa siki, nimekikausha juu ya moto, nimekipaka mafuta ya kutosha. Ya kutosha kabisa, nisije nikaambiwa nimefanya choyo.

Ijumaa, 6 Septemba

Kimenata. Kama ulimbo wa kunasia ndege! Kitambaa kiligandia nikakivuta kikachanika.

Mwoka mikate hakushangaa. Eti nimekipaka kama ninayempaka mtoto mchanga. "Yapake, kisha yafute yote, kama mtu aliyepaka kwa makosa akaogopa kuonekana."

Nimesugua upya. Mke wangu kapita akaniona na waya mkononi, kikaango magotini. Akashika kiuno. "Mara hii unamwosha nani?"

Baada ya swala ya Ijumaa nimerudi kwa mwoka mikate na kitambaa kikavu. Nimefuta mpaka nikaona sijabakiza kitu. Akasema sasa ndiyo umepaka.

Katika dua zangu siku hizi namtaja marehemu. Zamani nilikuwa nampitisha kwenye "wazazi wetu na waliotutangulia wote." Sasa namtaja peke yake. Mtu ukishamchuna lazima umjue. Nimemwuliza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani. Akafikiri. Kasema alikuwa mtu wa kusubiri kitu kiive.

Basi. 

Jumapili, 8 Septemba

Kikaango kimepata rangi ya tende. Si nyeusi, ila kuna matumaini. Mwoka mikate kasema sasa kipewe kazi, chuma hakikui kwa kuangaliwa.

Nikaenda kwa muuza nyama. Nikasema nataka steki. Akaniuliza ya mchuzi? Hapana, ya kikaango. Akasimamisha panga juu juu. "Fundi, nyumbani kuna mgeni gani?" Nikamwambia hakuna, mgeni ni mimi. Akanikatia sarara, ile nyama laini ya mgongoni, vipande vyembamba kama nilivyomwomba, maana nilidhani chembamba ndicho kitaiva upesi.

Nimeviosha vizuri. Bila shaka nimeviosha! Nyama isiyooshwa itaingiaje mdomoni? Nikavitia chumvi, nikavipanga vyote kwa pamoja kwenye kikaango.

Vikaanza kulia. Si kulia kwa kukaanga, ni kulia kwa kuchemka. Maji yakatoka, yakajaa, povu la kijivu juu. Nikawa napika supu isiyo na mwenyewe. Maji yalipokauka nyama ilikuwa imekwisha kujikunja kama sikio la mzee.

Mke wangu kauma kipande, katafuna, katafuna, kanitazama kwa huruma. "Mume wangu, hii nyama au soli?"

Tukacheka wote wawili. Na kicheko chake kikaishia njiani, kikageukia mlango wa Binti. Mizigo imeanza kufungwa, sanduku moja liko tayari ukumbini. Usiku mke wangu anajigeuza kitandani, najua halali, naye anajua najua. Mtoto mwenyewe mmoja. Alinikubali mimi baada ya kumwuliza Binti kwanza, na yeye alisema ndiyo. Sasa anaona ile ndiyo inarudishwa.

Ila nisisahau hili. Binti alipita jikoni kurudisha kikombe. Akatazama kikaango. Akatazama ile aibu ndani yake. Alishafika mlangoni ndipo akasema, bila kugeuka:

"Ilikuwa na maji."

Hivyo tu. Lakini si angeweza kupita kimya?

Jumatatu, 9 Septemba

Ilikuwa na maji. Siku nzima kichwani.

Mchana napiga pasi suruali ya mteja, kitambaa nimekinyunyizia. Mvuke ukapanda — na hapo hapo nikaiweka pasi chini nikasema kwa sauti, "Ewe Mola!" Mteja aliyekuwa akingoja akaruka.

Maana pasi hata iwe ya moto vipi, kitambaa kikiwa kibichi hakiungui. Moto unashughulika na maji kwanza. Kinatoa mvuke, kinatoa mvuke, na mpaka maji yaishe ndipo kinashika rangi ya kuungua. Basi nyama ni hivyo hivyo! Niliiosha, nikaiweka na maji yake, nikaibananisha, moto wote ukaenda kuhudumia maji. Rangi ingetoka wapi?

Mteja kasema yeye anataka suruali yake tu.

Jumanne, 10 Septemba

Safari hii nimeomba kipande kinene, upana wa vidole viwili. Muuza nyama kasema kitabaki kibichi ndani. Nikamwambia niachie mimi na Mola wangu.

Nikakifuta kwa kitambaa kikavu. Nikafuta tena. Kitambaa cha tatu kikatoka kama kilivyoingia. Hapo nikakwama: chumvi sasa au baadaye? Binti alikuwa ukumbini anafunga vitabu vyake kwa kamba. Nikajifanya nazungumza na kikaango. "Chumvi nayo, sijui inawekwa lini."

Kamba inakatwa kwa meno. Kisha:

"Mapema sana, au wakati wa kuweka motoni. Katikati inatoa maji."

Nikasema ahsante. Akasema hakuwa akinijibu mimi.

Kikaango nikakipasha kikavu, mpaka tone la maji likikidondokea halikauki bali linakimbia huku na huko kama lina miguu. Pasi yangu ya makaa hufanya vivyo hivyo. Mafuta kidogo. Nyama.

Sauti ile! Shaaaa, mfululizo, kama mvua ya ghafla kwenye bati. Hakuna maji, hakuna povu. Moshi mwingi lakini — tumekohoa, jirani kauliza dirishani kama tunahitaji maji. Nilipogeuza upande wa pili nikaona rangi ambayo sijawahi kuitoa mimi kwa mikono yangu. Kahawia iliyoiva, na ukoko mwembamba wa kung'aa.

Nikaikata. Ndani nyekundu. Maji mekundu yakatiririka sahanini.

Tukatazamana, mimi na mke wangu. "Huyu ng'ombe bado anapumua," akasema.

Na mimi nikaogopa kweli. Damu ni haramu, hilo halina mjadala, tumefundishwa tangu utotoni. Nikaifunika sahani, nikaiweka kwenye friji. Itabidi niulize kwa mwenye elimu kuliko mimi. Lakini harufu yake, Mungu anisamehe, nilifungua friji mara nyingi mno kuangalia kama imefunikwa vizuri.

Jumatano, 11 Septemba

Baada ya alfajiri nikamsubiri imamu. Nikamweleza yote, na chuma, na oveni, na maji mekundu. Alinisikiliza kwa makini, kuliko ninapomwuliza mambo ya mirathi.

Kasema kilichoharamishwa ni damu inayotiririka, ile inayomwagika wakati wa kuchinja. Mnyama akishachinjwa kwa jina la Mungu na damu ikatoka, unyevunyevu uliobaki ndani ya minofu si hiyo damu, hata ukiwa mwekundu. Watu wa zamani walikuwa wanaona wekundu huo ndani ya chungu na wanakula. "Moyo wako ukikataa, ipike zaidi. Haikudhuru kitu. Lakini usimwambie mtu ni haramu."

Nikamshukuru. Nilikuwa nimeshavaa viatu akaniita. "Hiyo chumvi, umesema mapema au katikati?"

Jioni nimeitoa ile nyama kwenye friji na kuipasha. Imekuwa ngumu kidogo, hata hivyo nimekula kwa bismillahi. Nikafumba macho. Nje kuna ule ukali wa moto, ndani laini, na ladha ya nyama yenyewe, isiyofunikwa na kitu. Miaka yote hii nimekula viungo nikidhani nakula nyama.

Binti kanikuta nimefumba macho. Kauliza naumwa? Nikamwambia hapana, nimetoka kwa imamu. Nikampa habari yote ya damu na jibu nililopewa. Akaanza kutabasamu. Akajizuia. Akashindwa.

"Baba naye alikwenda kuuliza."

Nikasema alikwenda kweli?

Kweli, kasema. Mwanzoni kabisa, alipoajiriwa stesheni. Aliwakaangia abiria steki mwaka mzima bila kuionja, kwa hofu hiyo hiyo, ndipo akauliza. Alikuwa akipima kwa kidole tu: akibonyeza nyama, kisha akibonyeza hapa, kwenye mnofu wa chini ya dole gumba. Ukigusanisha dole gumba na kidole cha shahada, hapo ni laini, nyama ni mbichi. Ukienda kidole cha kati, pete, mwisho, mnofu unakaza, ndivyo na nyama inavyokaza ikiiva. Akanionyesha kwenye mkono wake. Nami nikafanya kwenye wangu. Tumesimama jikoni watu wazima wawili, kila mtu anajibonyeza kiganja.

Mama yake akaingia. Akatoka tena kinyumenyume, taratibu, kama aliyeona ndege ametua dirishani.

Ijumaa, 13 Septemba

Kesho.

Mizigo yote iko ukumbini. Masanduku, mafurushi, kitanda kimefunguliwa mbao. Analala kwenye godoro chini. Mke wangu amempigia nguo zote pasi, hata zile zisizopigwa pasi. Nimemwacha na pasi yangu. Kuna wakati mtu anahitaji kitu kizito mkononi.

Kikaango nimekitoa oveni kwa mara ya mwisho. Mwoka mikate kakigonga kwa ukucha, kakinusa, kaniambia nikipeleke nyumbani, kwake hakina haja tena. Nikampelekea Binti chumbani, nikasimama nje ya mlango. Nikasema, mama, sitaweza kurudisha kile nilichokitoa. Hakuna oveni ya kurudisha kile. Lakini hakina kutu, na hakinati. Nenda nacho.

Akakipokea kwa mikono miwili. Akapitisha dole gumba ndani, kama siku ile. Akalitazama. Safi.

"Bado kichanga," akasema.

Nikasema ndiyo.

"Baba alisema kikaango kinataka kupikiwa. Ukikiweka kabatini kinasahau." Akakigeuza mikononi. "Na mimi ndiye niliyekiweka chini ya sinki. Tangu msiba sikukigusa."

Nilitamani kumwekea mkono kichwani, kama wazazi wafanyavyo, ila nikaona si mahali pangu. Nikasema tu kesho mchana nitakaanga steki ya kuagana, kama hatajali moshi.

Akasema nisinunue nyembamba.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika upesi, juu ya meza ya kukatia vitambaa, mlango uko wazi. Binti kasema nyama ipumzike kwanza, maji yake yatulie ndani, na mtu yeyote asiiguse, na mimi ndiye niliyetiliwa shaka, basi nimeondoka jikoni ili nisijaribiwe.

Shangazi kafika mapema kuliko tulivyomtarajia. Mwanamke mpana, sauti ya sokoni. Pikapu imeegeshwa mlangoni pa mteja wangu, jirani yetu. "Wifi! Mizigo iko wapi? Dereva ana safari nyingine!" Kanisalimia vizuri, kaniita shemeji, halafu kaniangalia mikono kama anayetafuta waya wa kusugulia. Habari zimemfikia.

Mimi nilikuwa nimeshaweka kikaango motoni. Nyama nimeitoa friji mapema, imekauka, ina chumvi tangu asubuhi. Nikadondosha tone la maji. Likakimbia. Nikaweka mafuta, nikaweka kipande — na shangazi akauliza kwa sauti moshi wote huu wa nini, mnachoma nyumba? Nikashtuka, nikaanza kuisogeza nyama kabla ya wakati, inagandia, naivuta.

"Iache!"

Binti. Katoka ukumbini na kamba mkononi. "Iache, Fundi, itajiachia yenyewe. Ikiwa tayari itajiachia."

Nikaiacha. Akaja akasimama kando yangu. Tukangoja. Na kweli, baada ya muda nikaisukuma kidogo ikateleza kama haikuwahi kushika. Akaninyang'anya uma bila kuomba. Akageuza. Rangi ile! Akatia siagi na kitunguu saumu kilichopondwa, akainamisha kikaango upande wake, akawa anachota ile siagi kwa kijiko na kuinywesha nyama, anachota, anainywesha, haraka haraka, midomo kaibana. Sijawahi kumwona hivyo. Mkono wake unajua kitu ambacho yeye alikuwa hakisemi.

Shangazi alikuwa ameanza sentensi kuhusu dereva. Hakuimaliza. Akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena. Akatafuta kiti, akakosa, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Jamani kaka yangu," akasema, kwa sauti ndogo kabisa. Mke wangu akamshika bega. Wakakaa hivyo.

Binti hakugeuka. Akabonyeza nyama kwa kidole, akabonyeza kiganja chake. Akanionyesha mimi nibonyeze. Nikabonyeza. Nikasema kidole cha kati? Akasema cha kati. Akaiweka kwenye ubao, akaifunika.

Sasa ndipo shangazi alipofuta macho na kukumbuka dereva. "Haya. Hiyo tutakula njiani. Hicho kikaango nacho kitieni kwenye gunia, twende."

Binti akasema ni cha moto.

"Kimwagie maji!" Na akainuka na kikombe kweli, kashafika kwenye bomba.

Tulipiga kelele watu watatu. "Usimwage!" Mimi, mke wangu, Binti, sauti moja, kama wanaoitikia Amina. Shangazi kaganda na kikombe. Mke wangu! Yeye ambaye juzi tu alikuwa akinicheka! Akamweleza wifi yake kwamba chuma cha kusubu kikiwa moto ukakimwagia maji ya baridi kinapasuka vipande viwili, tena akasema kwa ukali, kama kazaliwa ndani ya tanuri.

Shangazi kaweka kikombe chini. Katutazama mmoja mmoja. "Haya basi, kipoe. Kikipoa tunaondoka."

Kwa hiyo tunangoja vitu viwili: nyama ipumzike na chuma kipoe. Mwoka mikate aliniambia chuma kile kikishashika moto hakiuachi upesi. Dereva kapiga honi. Kapiga tena. Mteja naye anataka mlango wake. Mwenye kujua yaliyo mbele ni Mungu peke yake, mimi ni fundi wa nguo tu, nakaa hapa na kalamu.

Ngoja. Binti ananiita kutoka jikoni.

Anauliza kama kuna kipande kingine kwenye friji.

Nimemwambia kipo, cha chini, kwenye karatasi. Nasikia friji inafunguliwa. Nasikia anakipangusa, kitambaa kinapita, kinapita tena. Kiberiti.

"We mtoto!" — shangazi huyo. "Si tumesema kipoe?"

"Kitapoa, shangazi."

Na sasa hivi, shaaaa —